Mhuri Namba Sitini na Moja

Traudl Häberle hakuwa mtu wa kuamini maneno. Muuza mayai akimwambia mayai ni ya leo, yeye alichukua moja moja na kulitikisa karibu na sikio. Mchungaji akisema ibada itakuwa fupi, Traudl alitazama saa. Kwa hiyo kiwanda cha magari cha Wendelroth hakikukosea kilipomweka mwisho kabisa wa mstari, pale gari linapotoka mikononi mwa mafundi na kuanza kuwa la mtu, kazi yake ikiwa ni kufunga milango na kusikiliza.

Kila mlango aliufunga mara mbili. Mara ya kwanza kwa nguvu, kama mwanamume aliyegombana na mkewe. Mara ya pili kwa kidole kimoja. Mlango ukijibu vizuri mara zote mbili, alichukua mhuri wake wa shaba na kuugonga kwenye kadi ya gari: 61. Ukijibu vinginevyo, gari lilirudishwa nyuma, hata kama msimamizi, Bwana Pfisterer, alikuwa amesimama hapo akitafuna sharubu zake.

Mihuri ile haikuwa ya kuchezea. Kila mkaguzi alisaini kupewa namba yake, na ilikuwa mwiko wawili kuwa na namba moja. Ukienda likizo unaukabidhi kwa msimamizi, anaufungia kwenye kabati la chuma. Kadi yenyewe ilitiwa kwenye bahasha pamoja na kitabu cha gari, na hata miaka ishirini baadaye, gari likiwa kwa mmiliki wa tano, kadi ilikuwa bado inasema ni nani aliyelipitisha. Traudl hakujaliwa mtoto. Mumewe Karl alikuwa amefariki. Kitu pekee duniani kilichobeba jina lake na kutembea nalo barabarani kilikuwa namba hiyo.

Kiwanda chenyewe sisi watu wa Kesselbronn tunakijua kuliko kinavyotaka kujulikana. Mzee Wendelroth alianza na cherehani, akahamia kwenye baiskeli, na mwaka 1904 akaendesha gari lake la kwanza moja kwa moja mpaka kwenye kisima cha sokoni, likavunjikia hapo. Hayo yote yamo kwenye kitabu cha historia ya kiwanda, pamoja na picha. Kitabu hichohicho kinafika mwaka 1938, ukifunua ukurasa unajikuta 1949. Miaka kumi na moja imemezwa katikati ya karatasi mbili, na kwetu hakuna anayeuliza ilikwenda wapi, maana kila nyumba ina babu yake wa enzi ile ya Hitler. Traudl aliajiriwa 1948, msichana wa miaka kumi na minane, wakati kiwanda kilikuwa kinatengeneza sufuria kwa mabati yaliyobaki vitani. Magari yaliporudi, sifa nazo zikarudi, tena maradufu. Madaktari wa Hamburg na mawakili wa Zürich hawakutaka gari jingine. Tangazo lilisema kwamba mlango wa Wendelroth hausemi uongo. Wengine tulilicheka tangazo lile. Traudl hakucheka, kwa kuwa aliyekuwa akisemwa pale ni yeye.

Basi Jumamosi moja ya Oktoba 1987, Eugen, mume wa dada yake, alimwita uani aje aone gari. Halikuwa jipya kabisa. Kwetu mfanyakazi ananunua gari jipya kwa bei ya wafanyakazi, analiosha kila Jumamosi, halikanyagi tope wala halibebi mbwa, na mwaka ukipita kidogo analiuza kwa jirani ili achukue jingine. Ndiyo maana ukipita mitaani kwetu utadhani tumerithi benki. Eugen alikuwa amelinunua hili kwa fundi rangi mmoja wa kiwandani, na alikuwa na malalamiko.

"Shemeji, hebu sikiliza huu mlango wa nyuma," alisema. "Nikikimbia kidogo tu unapiga mluzi kama birika."

Traudl aliufunga kwa nguvu. Kisha kwa kidole. Akakunja uso.

"Huu haukupita kwangu."

"Ulipita kwa nani basi? Kwa Papa?"

"Lete bahasha."

Eugen alileta bahasha, na Traudl akaichomoa kadi. 61. Tarehe kumi na nne Mei, 1986.

Eugen alicheka mpaka akashika kiuno. "Haya! Leo shemeji kajikamata mwenyewe! Masikio yameota kutu, mama, nenda kapumzike!"

Traudl hakumsikia hata robo. Mei ya 1986! Mwezi ule ambao mvua yenye sumu ya Chernobyl ilitufanya tuziogope saladi za bustani zetu wenyewe, yeye alikuwa mbali kwenye chemchemi za maji ya moto, akitibiwa nyonga yake, wiki nne nzima, akila uji usio na chumvi na kulazwa saa mbili kama mtoto. Mhuri wake alikuwa ameukabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Aliisogeza kadi karibu na macho. Mhuri wake uliwahi kudondoka sakafuni mwaka 1974, na tangu hapo mkia wa ile sita ulikuwa na pengo dogo kama jino lililomeguka. Sita ya kwenye kadi hii ilikuwa nzima.

Kulikuwa na mhuri mwingine. Mtu fulani, mahali fulani ndani ya kiwanda, alikuwa anagawa jina lake kwa milango inayopiga mluzi.

Hakumwambia mtu. Ila tangu siku hiyo, kila Jumamosi watu walipokuwa wakiosha magari yao mbele ya nyumba, Traudl alipita mtaa kwa mtaa na mkoba wake, akisema anaomba tu kuona kadi. Wapo waliomtania. "Kimbieni, Inspekta huyo!" Wapo walioonyesha kwa fahari, maana kuwa na 61 ilikuwa jambo la kujivunia. Hata mlangoni mwa kanisa aliwasimamisha watu. Kufikia Krismasi alikuwa ameona kadi thelathini na nane zenye namba yake. Ishirini na mbili kati ya hizo hazikuwa na pengo.

Nani? Alianza na Pfisterer, mwenye ufunguo wa kabati. Lakini Pfisterer alikuwa mtu wa kupanga hata penseli zake kwa urefu, na kwa mwizi wa namna ile Traudl alitafuta mtu mwenye sababu. Akafika kwa Hannelore Weidmann, aliyeshika nafasi yake Mei ile.

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu hawa wawili. Walikuwa wamekula pamoja kantini miaka kumi na tisa, meza ileile ya dirishani. Karl alipokufa, Hannelore ndiye aliyelala kwenye kochi la Traudl wiki mbili na kumlazimisha kunywa supu. Mtu akishaingiwa na shaka, hata supu ile anaanza kuikumbuka vingine.

Na kwa kweli Hannelore alikuwa amebadilika. Alikuwa anaitwa kwa nyuma hageuki. Alicheka baada ya wenzake kumaliza kucheka. Kantini aling'ang'ania kukaa upande mmoja tu wa meza, na watu wakijaa alinyamaza kabisa, akawa anatazama midomo yao kama askari kanzu. Traudl aliyaona hayo yote na kuyaweka akiba. Siku moja akaamua kumtega, wakila dengu na soseji.

"Hannelore, ile Mei nilipokuwa kwenye maji, kazi zilikwendaje?"

Hannelore alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo, chumvi imezidi. Mpishi ana mpenzi mpya nini?"

"Nimekuuliza habari za Mei."

"Nami nakwambia, hata wiki iliyopita zilikuwa hivi hivi."

Traudl aliweka uma chini. Anakwepa, alijiambia. Anakwepa mchana kweupe, tena kwa tabasamu.

Januari, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, alimkuta Hannelore amekipa chumba mgongo, amechutama mbele ya kabati lake. Alikuwa anafunga kitu kidogo ndani ya leso, kitu cha ukubwa wa kuenea kiganjani, ukubwa wa mhuri hasa. Alipogeuka na kumwona Traudl, alikuwa mwekundu mpaka shingoni, akalibamiza kabati na kuzungusha ufunguo mara mbili.

Traudl alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Zipperle wa baraza la wafanyakazi, kabla hata hajavua aproni.

"Una uhakika, Bi Häberle?" Zipperle alimwuliza, kalamu ikining'inia hewani. "Hili nikishaliandika, limeandikwa. Siwezi tena kuliandikua."

"Andika."

"Weidmann ni rafiki yako."

"Ndiyo maana nasema andika. Mgeni asingejua namba yangu ina thamani gani."

Kanuni ilitaka kabati lifunguliwe mbele ya mashahidi, na kwa kuwa ilikuwa saa ya zamu kubadilishana, mashahidi walifika wanawake arobaini. Hannelore alisimama mbele ya kabati lake amekumbatia mkoba.

"Traudl," alisema kwa sauti ya chini, "wazuie. Nakuomba. Nitakueleza nje, mimi na wewe."

"Eleza hapahapa. Kama huna la kuficha, kabati linakutisha nini?"

Zipperle alifungua. Akatoa leso, akaikunjua juu ya kiganja. Ndani kulikuwa na kitu kilichopinda, cha rangi ya ngozi, chenye kimrija chembamba. Zipperle alikigeuza huku na huku bila kuelewa.

"Ni mashine ya sikio hiyo," mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma. "Mama mkwe wangu anayo."

Kila mtu pale alijua Hannelore analipwa kwa kazi gani. Baadaye tulisikia kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akiweka kiganja kwenye bati la mlango na kuusikia kwa ngozi, kwa kuwa mashine ile ilikoroga kelele zote za kiwanda kuwa uji, na wala hapakuwa na gari lake hata moja lililowahi kurudishwa. Lakini mkaguzi wa milango asiyesikia haandikwi popote kwenye kanuni. Wiki iliyofuata walimhamishia stoo ya chini, kupanga nati kwenye visanduku.

Siku ile ya kabati, aliikunja leso yake taratibu, akafunga mkoba, akamtazama Traudl usoni.

"Asante, Bi Häberle," alisema.

Kwa mgeni hilo litaonekana dogo. Kwetu watu wazima wanaitana Bwana na Bibi hata wakifanya kazi ubavu kwa ubavu mpaka wanazeeka. Siku mtu anapokukaribisha uliite jina lake la kwanza, mnamiminiana glasi, mnagonganisha, na jambo hilo halirudi nyuma. Hawa walikuwa wamegonganisha mwaka 1969, kwa mvinyo wa matofaa uliowaumiza vichwa siku mbili. Sijawahi kusikia, kabla ya hapo wala baada yake, mtu akimpokonya mwenzake jina.

Nawaambia bila kumpaka matope, hata hapo Traudl hakuamini. Alijiambia mhuri lazima uko nyumbani kwa Hannelore.

Aprili ilifika, na pamoja nayo miaka arobaini ya Traudl kazini. Palitakiwa keki, hotuba, na picha ya kutia kwenye kijitabu cha matangazo. Bwana mmoja wa mauzo alishuka kutoka ghorofa za juu, viatu vyake havijawahi kuona grisi, akampamba Traudl kwa maneno matamu mpaka akachoka kusikiliza.

"Tunataka Bi Häberle ashike mhuri hivi, karibu na shavu," alisema. "Chini tutaandika: kila gari letu linapita mikononi mwa mwanamke huyu."

"Kila gari haliwezekani," Traudl alisema. "Mimi nina mikono miwili."

Yule bwana alicheka, akamwambia Pfisterer alete mhuri unaong'aa zaidi. Na Pfisterer, kwa kuwa alikuwa na haraka, au kwa kuwa alishazoea, alifungua kabati la chuma Traudl akiwa amesimama nyuma yake. Kulikuwa na trei ya mbao. Ndani ya trei, mihuri mitano imepangwa kwa urefu kama penseli. Yote ilisoma sitini na moja.

Traudl alimgeukia Pfisterer, ambaye naye walikuwa wamegonganisha glasi zamani na kuitana kwa majina. "Ni nini hii, Albrecht?"

"Ni heshima yako, Traudl," Pfisterer alisema, wala hakuona aibu. "Gazeti moja lilipokuandika miaka mitano iliyopita, wauzaji wakaanza kudai magari ya sitini na moja tu. Kutoka juu wakaagiza mihuri. Kila zamu ina wake."

"Na wa zamu nyingine anasikiliza milango?"

"Anasikiliza." Pfisterer alikohoa. "Akipata nafasi."

"Na Hannelore?"

Bwana wa mauzo alikuwa ameanza kutazama saa yake. Pfisterer alifunga kabati kwanza ndipo akajibu. "Weidmann hakuwahi kuigusa. Mei ile nilimpa mmoja, nikamwambia agonge. Akaurudisha mezani, akasema huu ni wa Traudl. Akaendelea kugonga namba yake mwenyewe, themanini na nne, mwezi mzima."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilikuwa najua habari ya sikio lake. Na yeye alijua kwamba ninajua."

"Na wewe? Siku wanafungua lile kabati ulikuwa umesimama mlangoni, Albrecht! Nilikuona!"

"Wewe ulikwenda barazani," Pfisterer alisema. "Hukuja kwangu."

Ningependa kusema Traudl alimzaba kibao, na wapo mjini wanaosimulia hivyo. Hakumzaba. Aliutoa mhuri wake mfukoni, akauweka mezani, akavua aproni na kuiacha keki haijakatwa. Alikwenda kwa Zipperle na kumweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Zipperle alisikiliza akiwa ametazama nje, kwenye mabomba ya moshi.

"Watu elfu sita wanakula kwa jina hili," alisema mwishowe. "Habari ya mihuri nitaipeleka juu. Watanijibu wanavyojibu."

"Basi mrudishe Hannelore kwenye nafasi yake. Futa lile nililosema."

"Ulilosema naweza kulifuta, Bi Häberle. Sikio siwezi."

Siku nne Traudl hakutoka nyumbani. Mwanamke aliyetikisa mayai ya watu maisha yake yote, akatilia shaka mchungaji na shemeji na rafiki, kitu kimoja tu hakuwahi kukitilia shaka nacho ni kiwanda. Hilo ndilo lililomtafuna. Jumamosi akavaa koti lake la kanisani, akaenda.

Hannelore alikuwa anakaa nyumba ya ghorofa nne, mtaa wa nyuma ya kituo cha treni. Wiki ile ilikuwa zamu yake ya kufagia ngazi, na Traudl alimkuta pale pale, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na ufagio na ndoo, kitambaa kichwani kimefunika masikio. Alisimama vipandio viwili chini yake.

"Hannelore," alisema. "Nimekuja kuomba radhi."

Hannelore alinyoosha mgongo. "Sisikii. Sema kwa nguvu."

Traudl alitazama milango iliyofungwa pande zote. Ngazi za nyumba ile zilikuwa za mawe, hata kikohozi kilipanda mpaka darini.

"Nasema nimekuja kuomba radhi! Hukuchukua mhuri!"

Mlango wa ghorofa ya pili ulifunguka kidogo, kichwa kikachungulia. Hannelore aliweka kiganja nyuma ya sikio, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Sijashika hata neno. Unajua nilivyo."

Basi Traudl Häberle, ambaye hakuwahi kupaza sauti hata siku ya mazishi ya mumewe, alishika reli kwa mikono yote miwili na kupiga kelele. Alisema amemsingizia. Alisema mihuri ilikuwa mitano na iliagizwa na kiwanda, na kwamba Hannelore peke yake ndiye aliyekataa kuigusa. Alisema alimwumbua mbele ya wanawake arobaini, akamnyang'anya kazi yake, na kosa ni lake yeye, si la mtu mwingine. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Kufikia hapo milango ilikuwa wazi ghorofa zote nne, na watu wamesimama na taulo zao na vikombe vyao, wanasikiliza.

Hannelore alifungua kitambaa kichwani, akakitikisa vumbi, akakikunja na kukitia mfukoni. Mashine ilikuwa sikioni mwake, mahali pake.

"Nilikusikia mara ya kwanza, Bi Häberle," alisema.

Kisha akashika ufagio na kuendelea na kazi, kipandio kwa kipandio kuelekea chini, ikabidi Traudl ashuke mbele yake.